Kusoma umbo la protini zisizojikunja kwa spektrometa ya masi: hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Kwa nini protini moja inatoa vilele (michomozo kwenye grafu ya mashine) kumi na zaidi? Kwa nini jana ilionekana imekaza na leo imetawanyika? Je, kilele kikubwa kuliko vyote ndicho umbo lenyewe? Mwongozo huu unakutoa kwenye kichupa cha protini hadi kwenye namba unayoweza kuitetea mbele ya mtu mkali.

Protini ya mfano ni alfa-sinukleini ya binadamu: asidi amino 140, masi ya wastani Dalton 14,460, haina sisteini wala triptofani. Kama yako ni nyingine, badilisha hesabu tu. Mpangilio wa kazi ni ule ule.

Nadharia ya kukutosha ni hii. Protini isiyojikunja haina umbo moja. Ni kundi la maumbo yanayobadilishana upesi, ndiyo maana fuwele na eksirei hazikufikishi mbali. Mashine huunyunyiza mmumunyo kuwa matone yenye chaji, kisha hupima masi ikigawanywa kwa chaji, yaani m/z. Molekuli inapotoka kwenye tone na kuingia hewani, iliyokaza hubeba chaji chache na iliyonyooka hubeba nyingi. Kikomo cha chaji kwa protini yenye umbo la tufe hukadiriwa kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha masi kwa 0.0778. Kwa 14,460 unapata takriban 9. Basi ukiona 15+ (yaani chaji chanya 15), ujue iliyoibeba haikuwa tufe.

Jambo moja uliweke moyoni tangu sasa: spektrometa inaweza kuifungua protini iliyojikunja, na inaweza kuikunja ile iliyokuwa imenyooka. Nusu ya kazi iliyo hapa chini ni kuhakikisha unachokiona kimetoka kwenye mmumunyo, hakikutengenezwa na mashine.

Andaa haya kwanza

- Protini safi, angalau mikrolita 100 zenye ukolezi wa µM (mikromola) 50 au zaidi.
- Amonium asetati ya daraja la spektrometria. Kwa mmumunyo wa akiba wa mola 1, pima gramu 3.85 na ujaze maji hadi mililita 50.
- Maji safi ya daraja hilo hilo, methanoli, asetonitraili na asidi fomiki.
- Vichujio vya sentrifuji vyenye kikomo cha Dalton 3,000. Vya 10,000 viache: mnyororo usiojikunja hupenya tundu kama uzi kwenye sindano, hata kama masi yake inazidi kikomo kilichoandikwa.
- Vichupa vya plastiki visivyonasa protini.
- Kapilari za kioo zilizopakwa dhahabu, zenye ncha ya mikromita 1 hadi 5.
- Mioglobini ya farasi, kwa ajili ya kuipima mashine yenyewe.
- Spektrometa yenye chanzo cha nano-elektrosprei. Aina ya muda wa kuruka au Orbitrap zote zinafaa. Yenye kitengo cha kutenganisha ioni kwa mwendo wake kwenye gesi ni bora zaidi, ila si lazima.

Mmumunyo wa akiba uuweke kwenye chupa ya plastiki. Kioo huachia sodiamu polepole, na sodiamu ndiyo adui wako mkubwa katika kazi hii. Usiruhusu pia chupa iliyooshwa kwa sabuni ya maabara iingie mezani. Mabaki yake huleta msururu wa vilele vinavyopishana kwa Dalton 44.

Hatua

1. Thibitisha protini uliyo nayo. Usianze na umbo kabla ya kujua masi. Zimua sehemu ndogo hadi µM 1 kwenye mchanganyiko wa nusu maji nusu asetonitraili wenye asidi fomiki ya asilimia 0.1, kisha pima. Unatafuta 14,460. Ukipata 14,476, methionini moja imeoksidika (protini hii inazo nne). 14,502 ni asetili kwenye mwanzo wa mnyororo. Kama protini yako ina mkia wa histidini na imetengenezwa ndani ya Escherichia coli, ongezeko la 178 linatokana na sukari iliyojishika kwenye mkia huo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: kilele cha 14,400, pungufu ya 60. Bakteria anapoisoma kodoni TAC ya tairosini ya 136, mara nyingine huweka sisteini mahali pake. Kusafisha hakutakusaidia, maana protini hizo mbili zinafanana kupita kiasi. Dawa ni kuibadilisha kodoni iwe TAT kwenye plasmidi na kutengeneza protini upya. Lipuuze hilo, na siku moja sisteini hizo zitaungana mbili mbili, nawe utatangaza umegundua dimeri (molekuli mbili zilizoshikana).

Usihukumu usafi kwa jeli peke yake. Protini zisizojikunja hutembea polepole kwenye jeli ya SDS, zikaonekana nzito kuliko zilivyo.

2. Ondoa vipande vilivyoganda. Zungusha kwa g 16,000 kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4, uchukue sehemu ya juu na kuacha mikrolita chache za chini. Alfa-sinukleini hupenda kugandana ikitikiswa, kwa hiyo usiitikise kwa mashine: geuza kichupa taratibu. Igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

3. Badilisha bafa (mmumunyo unaoshikilia pH). Hapa ndipo majaribio mengi hufia. Bafa za fosfeti, Tris na chumvi ya kawaida hazivukizi. Hubaki zimeganda kwenye protini na kutandaza kila kilele kuwa kilima. Fanya hivi:

a) Osha kichujio kwa amonium asetati ya mM 50 mara mbili kabla ya kuweka protini. Vichujio vipya huwa vimepakwa gliseroli.
b) Weka protini, jaza amonium asetati hadi mikrolita 500, zungusha hadi zibaki 50.
c) Rudia mara sita.

Kwa nini sita? Piga hesabu. Kila mzunguko unapunguza chumvi mara kumi. Ukianza na sodiamu ya mM 137, baada ya mizunguko mitatu umebakiwa na µM 137, na protini yako itakuwa µM 10. Bado kuna ioni zaidi ya kumi na tatu za sodiamu kwa kila molekuli ya protini! Baada ya sita, sodiamu iliyotoka kwenye bafa imeshuka hadi µM 0.14. Wengi huishia mizunguko mitatu kwa sababu wamechoka kusubiri sentrifuji, kisha hulaumu mashine.

Amonium asetati si bafa ya kweli kwenye pH 7. Nguvu yake iko karibu na 4.75 na 9.25, na katikati hapo haizuii chochote. Ukitaka kurekebisha pH, tumia amonia au asidi asetiki, kamwe si sodiamu haidroksidi. Na usichovye elektrodi ya pH kwenye chupa ya akiba: elektrodi huvujisha potasiamu. Mimina kidogo pembeni, pima, mwaga.

4. Pima ukolezi. Kwa sababu hakuna triptofani, ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 280 unategemea tairosini nne tu, na kizidishio chake ni 5,960. Protini ya µM 10 itakupa 0.06 pekee kwenye njia ya sentimita 1, namba ndogo ambayo mikwaruzo ya kioo inaweza kuiharibu. Pima ikiwa bado nzito, ndipo uzimue hadi µM 10 kwa amonium asetati ile ile. Usizidishe µM 20. Sababu iko kwenye hatua ya 8.

5. Ipime mashine kwa mioglobini. Mioglobini ya farasi ikiwa nzima imeshika hemu (molekuli ndogo yenye chuma) na ina masi ya takriban 17,567. Ikipoteza hemu inabaki 16,951. Iandae kwenye amonium asetati kama ulivyoandaa protini yako, kwa µM 10. Anza na mipangilio laini: volti 800 kwenye kapilari, ukipanda kwa 100 mpaka mnyunyizo utulie, bila kuvuka 1,500, volti za koni (mlango wa ioni kuingilia kwenye mashine) 20 hadi 40, nishati ya mgongano iwe ya chini kabisa inayoruhusu ioni kupita, joto la chanzo nyuzi 30 hadi 50 kwa mashine za muda wa kuruka. Orbitrap nyingi huhitaji kapilari ya kupitishia yenye joto zaidi, kwa hiyo hapo iamini mioglobini kuliko namba ya kwenye skrini.

Unachotaka kuona ni 9+ kwenye m/z ya 1,952.9, 8+ kwenye 2,196.9 na 7+ kwenye 2,510.6, basi. Kilele kikitokea 2,119.9, hiyo ni 8+ iliyopoteza hemu. Aidha mashine ni kali mno, aidha mmumunyo wako una asidi. Shusha volti na joto mpaka kilele hicho kikaribie kutoweka. Mipangilio utakayoipata ndiyo ya kutumia kwa protini yako, bila kugusa chochote.

Wengine huiruka hatua hii kwa sababu "protini yangu haijikunji, itaharibika nini?" Lakini bila kipimo hiki huna namna ya kujua kama chaji kubwa zilitoka kwenye mmumunyo au zilizaliwa ndani ya mashine.

6. Panga upana wa m/z. Weka 500 hadi 4,000. Kosa la kawaida ni kuanzia 1,000 au 1,500, kama ilivyozoeleka kwa protini zilizojikunja. Angalia alfa-sinukleini inavyojitawanya: 7+ iko 2,066.7, 8+ iko 1,808.5, 10+ iko 1,447.0, 13+ iko 1,113.3, 15+ iko 965.0 na 17+ iko 851.6. Ukianzia 1,500 umeikata familia (kundi la chaji zinazofuatana) nzima iliyonyooka, kisha unaandika kwamba protini imekaza. Sahihisha mizani ya mashine kwa sisiamu iodidi, maana vilele vyake vinajipanga kote katika upana huo.

7. Nyunyiza na ukusanye. Vuta mikrolita 3 kwa ncha ndefu ya pipeti, ingiza kwenye kapilari kutoka nyuma, kisha ipige kidole polepole mpaka povu litoke nchani. Povu moja dogo linatosha kukatisha mnyunyizo. Kusanya kwa dakika 2 hadi 5 baada ya ishara kutulia. Dakika ya kwanza itupe.

Rudia kwa kapilari tatu tofauti. Kusoma kapilari moja mara tatu si kurudia. Kila ncha ina tundu lake, tundu huamua ukubwa wa tone, na tone hugusa chaji. Tofauti kati ya kapilari ndiyo kiasi halisi cha mashaka yako.

Kisha fanya vipimo viwili vya kulinganisha kwenye siku hiyo hiyo: protini yako kwenye asidi fomiki ya asilimia 1 na methanoli nusu kwa nusu, na protini yako kwenye amonium asetati ya mM 10 na mM 200. Mpangilio wa chaji usipobadilika kabisa kati ya asidi na amonium asetati, shuku mashine kabla ya kushangilia.

8. Tambua kila kilele. Masi ni m/z ukitoa 1.007, kisha uzidishe kwa chaji. Kila kilele cha familia moja lazima kikupe 14,460 ile ile. Sodiamu huongeza 22, kwa hiyo kwenye 8+ kitakuwa mbele kwa 2.75, methionini iliyooksidika itakuwa mbele kwa 2.

Dimeri hujificha. Dimeri ya 16+ inakaa mahali pale pale pa monomeri (molekuli moja peke yake) ya 8+. Zitafute kwenye chaji witiri: 15+ ya dimeri iko 1,929.0, katikati ya 8+ na 7+ za monomeri, na 13+ iko 2,225.6. Ukiziona, zimua protini hadi µM 2. Zikitoweka, yawezekana molekuli mbili zilijikuta tu ndani ya tone moja lililokuwa linakauka, na huna dimeri yoyote kwenye mmumunyo.

Wanaochunguza metali wawe macho zaidi. Ioni ya kalsiamu ikishika na kuondoa haidrojeni mbili huongeza 38.06, potasiamu ikiondoa haidrojeni moja huongeza 38.09. Kwenye mashine ya kawaida hivyo ni kilele kimoja. Kabla ya kuandika kwamba protini imeshika kalsiamu, pima ile isiyowekewa kalsiamu na uhakikishe +38 haipo. Shaba ni rahisi zaidi, huongeza 61.5.

9. Geuza vilele kuwa namba. UniDec ni programu ya bure inayofanya kazi hii vizuri. Pata eneo la kila chaji, ukijumlisha na vilele vyake vya sodiamu, kisha chora eneo dhidi ya chaji. Usichore dhidi ya m/z: kwenye mhimili huo chaji kubwa zimebanana na ndogo zimetanuka, na jicho linadanganyika.

Wengi hukimbilia chaji ya wastani. Ni namba nzuri ila ni msiri. Chukulia maeneo haya: 7+ ni 30, 8+ ni 50, 9+ ni 20, 12+ ni 20, 13+ ni 50, 14+ ni 30. Wastani ni 10.5. Sasa tafuta kilele cha 10+ au 11+ kwenye orodha: hakuna. Wastani umekuelekeza mahali pasipokaa molekuli hata moja. Kwa protini hizi eleza familia: ngapi, kila moja imejikita kwenye chaji gani, na ina asilimia ngapi ya jumla. Hapo ndipo unapoona dawa au metali inapohamisha watu kutoka familia moja kwenda nyingine.

Asilimia hizo ni za kulinganisha protini moja katika hali mbili. Usizichukulie kuwa idadi kamili ya molekuli kwenye mmumunyo, kwa sababu mnyororo ulionyooka hutoka kwenye tone kwa urahisi kuliko uliokaza na hupaza sauti kupita idadi yake. Usilinganishe pia protini mbili tofauti kwa chaji peke yake. Alfa-sinukleini ina lisini 15, histidini moja na haina arginini. Nyingine yenye besi nyingi itabeba chaji zaidi hata kama umbo ni lile lile.

10. Kama una kitengo cha mwendo wa ioni, soma kila chaji peke yake. Chaji za katikati ndizo zenye habari, kwani mara nyingi chaji moja hutoa vilele viwili au zaidi vya muda wa kufika, yaani maumbo mawili yenye chaji sawa. Andika gesi uliyotumia, maana eneo lililopimwa kwenye heliamu halilingani na la nitrojeni. Halafu panda volti za koni kwa 10 kila mara. Kilele kilichokaza kikihamia kwenye kilichonyooka kwa volti kidogo tu, umbo lile lilikuwa dhaifu.

Onyo kubwa la hatua hii: maji yakishaondoka, mnyororo wenye chaji chache hujikunjia ndani kwa kukosa cha kushikana nacho, na wenye chaji nyingi hunyooka kwa sababu chaji zinasukumana. Umbo la hewani likiwa dogo kuliko mnyororo unavyoweza kuwa majini, hilo ni tukio la hewani. Tumia tofauti kati ya sampuli, si ukubwa wenyewe.

Ukitaka kujua ni sehemu gani ya mnyororo

Chaji haikuambii mahali. Kwa hilo kuna kubadilisha haidrojeni kwa deuteri (haidrojeni nzito), ila mwongozo wa protini zilizojikunja usiunakili. Kwenye pH 7.4 na nyuzi 25, mnyororo usio na kinga humaliza kubadilisha ndani ya sekunde chache au chini yake. Ukianza kupima kwenye sekunde 10 kwa mkono, utakuta kila sehemu imejaa na utasema hakuna umbo popote. Shusha pH: kila kizio kimoja hupunguza mwendo takriban mara kumi. Shusha na joto hadi karibu na 0. Vinginevyo tafuta kichanganyio cha milisekunde. Kuzima, yaani kusimamisha ubadilishaji, kunabaki kama kawaida, pH 2.5 kwenye barafu, kisha pepsini (kimeng'enya) ya kuikata protini vipande.

Mambo yakienda mrama

*Hakuna mnyunyizo.* Ncha imeziba au ina povu. Irudishe pembeni, ivunje kidogo sana kwa kibano ukiitazama kwa hadubini, kisha jaribu tena. Ukivunja kupita kiasi, matone yanakuwa makubwa na sodiamu inarudi, badilisha kapilari.

*Vilele vipana, vimeegemea upande wa kulia.* Chumvi. Rudi hatua ya 3. Kupandisha volti za koni kutavisafisha, lakini kutavuruga umbo unalolitafuta, kwa hiyo usijinunulie uzuri kwa bei hiyo.

*Kila kilele kina pacha wa +98.* Fosfeti au salfeti imebaki. Mizunguko miwili zaidi ya kichujio.

*Vilele vyenye masi ndogo kuliko 14,460 ambavyo havikuwepo wiki iliyopita.* Protini inakatwa. Protini zisizojikunja ni chakula rahisi cha vimeng'enya, kwa kuwa hakuna sehemu iliyojificha. Kipande kilichokatwa kina mpangilio wake wa chaji, nacho huonekana kama familia mpya. Tupa, anza na kichupa kingine.

*Ishara inapungua ndani ya dakika kumi.* Protini inanata kwenye kioo au inagandana ndani ya kapilari. Zungusha tena sampuli kwenye sentrifuji na upime kilichobaki juu.

*Jana familia iliyokaza ilikuwa asilimia 60, leo ni 30.* Pima mioglobini kabla ya kufanya chochote. Ikiwa nayo imebadilika, ni mashine au ncha. Kama mioglobini iko vile vile, pima pH ya amonium asetati: chupa iliyofunguliwa mara kwa mara hupoteza amonia, pH hushuka, na protini yako imekuwa ikikaa kwenye mmumunyo tofauti na ule ulioandika kwenye daftari.